MAPINDUZI, MAASI, NA CHEO CHA FILDI MASHALI

Nilipokuwa nikisoma Ulaya, mwalimu aliyenisimamia katika kuandika tasnifu yangu aliniuliza siku moja Waswahili huliitaje tendo la wanajeshi kuiangusha serikali usiku na kukalia viti vyake asubuhi. Nikamjibu: mapinduzi. Akauliza tena, je, umma ukiinuka na kuugeuza utaratibu mzima wa utawala, wa ardhi na wa mali, hilo nalo mwaliitaje? Nikamjibu: mapinduzi. Akacheka, akasema kwamba lugha yenye neno moja kwa mambo hayo mawili ama ni ya watu wenye bahati sana, ama ni ya watu wasiopenda kuulizana maswali. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na neno hilo kwetu limo katika jina lenyewe la serikali. Kwa hiyo sikuweza kucheka naye.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi kiongozi wa kijeshi apandavyo hadi kwenye kiti cha utawala katika nchi changa, kwa kulitazama tukio la Unguja la Januari 1964 na yale yaliyolifuata upande wa bara. Mwandishi ni mtu wa lugha, si mwanahistoria. Lakini katika jambo hili vyeo, matangazo na lafudhi vilifanya kazi kubwa kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida, na kazi hiyo ni haki ya mwanaisimu kuichungua.

Yafaa kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Msamiati wetu wa vita umekuja kwa tabaka, moja juu ya jingine. Tabaka la chini ni lile la Kiarabu, Kiajemi na Kihindi: askari, jeshi, amiri, jemadari. Jemadari alikuwa mkuu wa Mabulushi waliomtumikia Sultani wa Unguja katika karne ya 19, na waliomsoma Burton watakumbuka jinsi walinzi wa namna hiyo walivyomchosha safarini. Juu yake liko tabaka la Kiingereza, lililoletwa na Keya, yaani King's African Rifles: koplo, sajini, luteni, kapteni, meja, kanali, brigedia, jenerali. Kati ya tabaka hizo mbili limesimama neno moja la ajabu, afande, ambalo asili yake ni efendi ya Kituruki. Lilipitia katika majeshi ya Misri na Sudani, likaingia Keya, na leo hata polisi wa barabarani huitwa hivyo.

Neno linalotufaa zaidi, hata hivyo, ni akida. Katika Kiswahili cha zamani akida ni mkuu wa kikosi cha askari. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walimfanya akida kuwa mtawala wa vijiji kadhaa: mkusanya kodi, mwamuzi wa kesi, bwana wa majumbe. Neno halikubadilika hata herufi moja; mwenye neno ndiye aliyetoka kambini akaketi barazani. Basi asidhani mtu kwamba askari kugeuka mtawala ni jambo lililozuka baada ya uhuru. Lugha yetu ilikwisha kulishuhudia mapema, na kwa amri ya serikali ya kikoloni yenyewe.

Kuna safari nyingine ya vyeo, iliyo ya furaha zaidi. Tangu mwisho wa karne ya 19 miji ya pwani ilikuwa na vyama vya beni, vilivyoshindana kwa gwaride, tarumbeta na sare, na wakuu wake wakajipa vyeo vya jeshi na vya manowari. Terence Ranger aliieleza habari hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1975. La kukumbuka ni kwamba jenerali wa beni hakuwa mwongo. Cheo chake kilikuwa cha kweli kwa kuwa wenzake walikiitikia. Tangu hapo, kwa maoni yangu, Waswahili wamekuwa na vyeo vya namna mbili. Kiko cheo cha daftari, ambacho hutoka kwenye orodha ya mishahara na kulindwa na sheria za kambi. Na kiko cheo cha itikio, ambacho hutoka kinywani mwa mwenyewe na kukamilika masikioni mwa wasikiaji. Tofauti hii ndiyo itakayotuongoza katika yafuatayo.

Unguja ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, chini ya Sultani Jamshid bin Abdulla na Waziri Mkuu Mohamed Shamte. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo Afro-Shirazi ilipata kura zipatazo 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu ilipata 12, na mshirika wake, chama cha Shamte, 6, nao wakaunda serikali. Nchi hiyo changa haikuwa na jeshi. Ilikuwa na polisi, na hata polisi hao ilianza kuwapunguza: wengi wenye asili ya bara waliachishwa kazi, wakatoka na ujuzi wao wa makambi na maghala ya silaha, na kinyongo juu yake. Sijui kosa la kiutawala lililo kubwa kuliko hilo katika historia fupi ya serikali ile. Aliyetaka kuiangusha hakuwa na haja ya kulishinda jeshi. Alihitaji kufika kwenye ghala kabla ya mlinzi kuamka.

Ndivyo ilivyokuwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Watu mia kadhaa, wengi wao wakiwa na mapanga, mikuki na pinde, waliishambulia kambi ya polisi ya Ziwani na ile ya Mtoni, wakazichukua bunduki zilizokuwamo. Kituo cha Malindi, pembeni mwa Mji Mkongwe, kiliendelea kupigana hata mchana. Sultani aliondoka kwa meli. Siku zilizofuata maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kiarabu na ya Kihindi, waliuawa mjini na mashamba. Hesabu yao inabishaniwa mpaka leo, na kila mwenye kulisema neno mapinduzi kwa sauti ya sherehe angefaa kukumbuka kwamba jirani yake huenda akalisikia kwa sauti nyingine.

Nani aliyeongoza? Maelezo ya kiserikali humtaja Abeid Amani Karume na Kamati ya Watu 14. Harith Ghassany, katika kitabu chake cha mwaka 2010, ametilia mkazo mkono wa Tanganyika. Na John Okello, katika kitabu chake kilichotoka Nairobi mwaka 1967, alijieleza mwenyewe kuwa ndiye mpangaji na mkuu wa yote. Sina nia ya kuamua kati yao. Kwa hoja yangu yatosha jambo ambalo pande zote hulikubali, nalo ni kwamba sauti iliyosikiwa ikitoka Raha Leo, ilipokuwa nyumba ya redio, ilikuwa sauti ya Okello, na kwamba sauti hiyo ilijitambulisha kwa cheo cha Field Marshal. Au, kwa tahajia yetu, Fildi Mashali.

Cheo hicho alikitoa wapi? Si katika daftari lolote. Okello alikuwa Mlango wa kaskazini ya Uganda, aliyefanya kazi za ujenzi Kenya katika miaka ya 1950, akaja Pemba mwaka 1959, kisha akahamia Unguja. Hakupata kuwa ofisa wa jeshi. Lakini Kenya ya miaka ile ilikuwa imejaa vyeo vya itikio. Dedan Kimathi aliitwa Fildi Mashali msituni. Waruhiu Itote, aliyekuwa askari wa Keya nchini Burma katika Vita Kuu ya Pili, alijulikana kwa jina la Jenerali China. Katika msitu wa Nyandarua cheo cha Kiingereza kilinyang'anywa kama bunduki inavyonyang'anywa, kikageuzwa mdomo. Okello, aliyependa kujinasibisha na Mau Mau, alikichukua kile kilicho kikubwa kuliko vyote. Twaweza kumcheka, lakini tukumbuke kwamba jenerali wa beni naye hakuulizwa cheti.

Tena alikuwa na chombo ambacho Kimathi hakuwa nacho, yaani redio. Kwa siku chache matangazo yake, yaliyojaa vitisho vya adhabu za kupita kiasi na hesabu za silaha ambazo kisiwa hakingeweza kuwa nazo, yalifanya kazi ya jeshi lisilokuwapo. Watu walijifungia majumbani kwa sababu ya sentensi. Marehemu bibi yangu, aliyekuwa akikaa Mkunazini, alinisimulia kwamba walizima taa wakaikalia redio kimya, wala si kwa sababu walimwona askari yeyote mtaani. Walikuwa hawajamwona bado. "Tulimwogopa kwa masikio," alisema.

Hata hivyo, katika masimulizi hayo hayo bibi hakuacha kamwe kutaja jambo la pili, na wazee wengine niliowahoji hulitaja bila kuulizwa: yule mtu alikuwa akisema Kiswahili cha bara. Kilango, kwa asili yake, hakina vikwamizi kama z, sh na f, na mzungumzaji wake ajifunzaye Kiswahili ukubwani hukutana na taabu hiyo hiyo katika maneno yaliyo ya kawaida kabisa. Juu ya hayo Kiswahili kilichomlea Okello kilikuwa cha makambi ya kazi ya Kenya na Uganda, ambacho hakijali sana upatanisho wa ngeli. Msomaji akumbuke ni wapi sauti hiyo ilikuwa ikisikika. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikieneza katika shule za nchi zote nne za Afrika Mashariki. Kwa hiyo mji ambao lugha yake ilikuwa kipimo cha lugha ya wengine ulikuwa ukitangaziwa kuzaliwa upya kwake na mtu ambaye, kwa masikio ya mji huo, hakujua kusema. Kuongeza hayo alikuwa Mkristo katika kisiwa cha Waislamu. Hofu ilimwitikia, mji haukumwitikia.

Ndiyo maana kuanguka kwake kulikuwa kwepesi. Karume alikuwa Rais, na alikuwa na chama chenye matawi, wanachama na wimbo wake. Abdulrahman Mohamed Babu na Abdulla Kassim Hanga walikuwa na makada na marafiki nchi za nje. Okello alikuwa na cheo na wafuasi waliokuwa wakizunguka na bunduki bila daftari la mshahara. Polisi waliletwa kutoka Tanganyika kusaidia kurudisha utulivu. Mwezi wa Machi 1964, alipokuwa akirudi kutoka safari ya bara, alizuiwa asiingie, akanyang'anywa cheo, akarudishwa alikotoka. Hapana risasi iliyopigwa kwa ajili yake. Kilichotolewa na tangazo kiliondolewa na tangazo.

Sasa tuvuke bahari, kwa maana siku nane tu baada ya Unguja mambo yaligeuka sura. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo siku hizi ni Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza na kushika sehemu muhimu za Dar es Salaam. Kikosi cha Tabora kikafuata. Tarehe 23 ikawa Jinja, na tarehe 24 ikawa Lanet, karibu na Nakuru. Hawa walikuwa na kila kitu alichokosa Okello: silaha, sare, kambi, na cheo cha daftari. Walichokosa ni neno. Walidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa kigeni. Hawakuwa na jina la serikali mpya wala mtu wa kulisoma redioni. Ndiyo maana tukio lao twaliita maasi, na neno ni sahihi: muasi humkataa mkubwa wake, lakini hajasema bado nani awe mkubwa. Tarehe 25 askari wa Kiingereza kutoka manowari ya Centaur waliteremka Colito, na maasi yakaisha asubuhi ile.

Jinsi kila serikali ilivyoyapokea maasi hayo ndiko kulikoamua ya baadaye. Nyerere alilivunja jeshi lote, akaunda jipya tarehe 1 Septemba 1964, Jeshi la Wananchi, ambalo vijana wake walitafutwa kwa kupitia chama, na askari wake wakaruhusiwa kuwa wanachama. Mtu aweza kulilaumu jambo hilo kwa kuchanganya chama na kambi. Mimi mwenyewe huona gharama yake. Lakini lilimfungia askari mlango mmoja, yaani lile neno la kudai kwamba yeye yu nje ya siasa na kwa hiyo ni msafi kuliko wanasiasa.

Uganda ililipa. Mishahara ilipandishwa, na mwaka ule ule Idi Amin, aliyeinuka katika Keya kutoka askari wa kawaida, akafika cheo cha efendi mwaka 1959 na luteni mwaka 1961, alipandishwa tena. Mwezi wa Mei 1966 Obote alilitumia jeshi, Amin akiliongoza, kulishambulia jumba la Kabaka huko Mengo. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Askari wa nchi changa mara chache huuvunja mlango wa siasa. Hufunguliwa na mwanasiasa aliyemhitaji kwa kazi ya siku moja. Tarehe 25 Januari 1971, Obote alipokuwa Singapore kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, cheo cha daftari kilipata itikio lake: sababu 18 za kuiangusha serikali zilisomwa redioni na mwanajeshi, na Amin akajitangaza kuwa ni askari, si mwanasiasa. Watu wengi wa Kampala walitoka barabarani kushangilia. Miaka minane baadaye walikuwa wamejua gharama ya kushangilia kule.

Kwa wasomaji wa jarida hili kuna upande mwingine wa habari hiyo ambao, nadhani, haujapewa uzito wake. Mwaka 1973 serikali ya Amin ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tamko ambalo wapenzi wa lugha wangelipokea kwa shangwe lilitoka kinywani mwa mtu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kambi. Na raia wa Uganda, hasa kusini, wakazidi kukihesabu kuwa ni lugha ya amri, ya kizuizi cha barabarani, ya mtu agongaye mlango usiku. Uadui huo wa masikio umechukua miongo mingi kupungua. Tukiyaweka matukio mawili pamoja twaona kinyume kilicho kamili: Unguja mtu wa silaha alikataliwa kwa sababu ya Kiswahili chake, Uganda Kiswahili kilikataliwa kwa sababu ya watu wa silaha.

Huko Unguja nako vyeo viliendelea na safari, ila kwa kurudi nyuma. Si askari walioingia katika Baraza la Mapinduzi, bali wajumbe wa Baraza walioingia katika vyeo: Seif Bakari wa Umoja wa Vijana akawa Kanali, Yusuf Himid akawa Brigedia. Visiwa vilikaa bila uchaguzi wa wawakilishi mpaka mwaka 1980. Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, na aliyefyatua alikuwa mwanajeshi, Luteni Humud Mohamed Humud. Hata hivyo aliyeshika nafasi yake ni Aboud Jumbe, mwalimu. Neno jeshi likaenea hata kwa wasiopigana, kama katika Jeshi la Kujenga Uchumi. Na Rais Salmin Amour, daktari wa falsafa asiyetoka kambini, wananchi walimpa jina la Komandoo, wengine kwa kumsifu na wengine kwa kumlaumu. Beni haijafa.

Nirudi sasa kwa swali la mwalimu wangu. Pindua ni kitenzi cha zamani: hupinduliwa chungu, mkeka, na chombo baharini, ndani yake hamna sifa wala lawama. Jina mapinduzi limerithi upofu huo, na kamusi zetu huliacha hapo. Lakini tukimtazama mtenda badala ya tendo, lugha hufumbua macho. Hakuna Mswahili niliyemsikia akimwita Amin mwanamapinduzi. Huyo ni "aliyepindua serikali" na basi. Mwanamapinduzi ni sifa, na hupewa yule ambaye msemaji anaamini kwamba alipindua utaratibu, si viti peke yake. Wale waliopoteza jamaa zao mwaka 1964 nao hawamwiti yeyote hivyo, na baadhi yao huliita tukio lenyewe uvamizi. Kwa hiyo tofauti aliyoidai mwalimu wangu ipo. Imekaa katika jina la mtu, na kila asemaye huchukua upande pale anapolitamka. Nashauri watunga kamusi waiandike tofauti hiyo wazi, pamoja na ubishi wake, na walimu wasiandike mapinduzi peke yake pale wanapokusudia mapinduzi ya kijeshi. Najua kwamba kwa shule za Unguja shauri hili si jepesi, kwa kuwa mtoto mwenye akili atauliza mara moja hayo ya kwetu ni yapi. Na aulize.

Okello mwenyewe jina lake halipewi nafasi kubwa katika sherehe za tarehe 12 Januari. Baada ya kufukuzwa alihangaika kati ya Kenya na Uganda, akafungwa, na mwaka 1971 alionekana kwa mara ya mwisho karibu na Amin, kisha akatoweka. Husimuliwa kwamba aliponzwa na mzaha wake: alisema Uganda sasa ina Mafildi Mashali wawili, na Amin akaona mmoja anatosha. Habari hiyo haiwezi kuwa kama ilivyo, kwa maana mwaka 1971 Amin alikuwa Jenerali tu. Cheo cha Fildi Mashali alijipa mwaka 1975, miaka minne baada ya mwenzake kupotea.